Barua ya Chungu na Maji

Siku niliyompokonya karani karatasi mkononi naikumbuka kuanzia harufu yake, mwanangu. Chumba cha baraza kilinuka wino, jasho na tumbaku ya wazee. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala, na karani alikuwa amesimama anasoma barua yangu kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada.

Alisoma: “Mimi ni chungu tu. Maji niliyoyabeba ni yenu. Siku mtakapoona kiu, njooni mchukue.”

Akainua macho, akaniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ni wangu. Nikaomba niseme neno. Akawatazama wazee kwanza, akatabasamu, kisha akanijibu.

“Chungu kina mdomo wa kumiminia, mama. Wa kusemea hakina.”

Wazee wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu yake. Nilikuwa nimevumilia tangu asubuhi, nimevumilia benchi, nimevumilia kuitwa msomi kwa sauti ya kunisimanga, lakini hapo nikachoka. Niliinuka, nikamfuata pale aliposimama, nikaivuta karatasi vidoleni mwake kwa nguvu hata kipembe kimoja kikabaki kwake. Ukaamka, ukalia. Nakuandikia haya ili siku moja ujue ulilia kwa ajili gani.

Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na mmoja. Najua maneno kama haya hutolewa na bibi mwenye mvi, anayekaa kwa utulivu akiyatoa moja moja. Bibi wa namna hiyo hapa hatunaye. Mama yangu alifariki kabla hujazaliwa, baba yako Daudi yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na chumba chetu hiki cha Ng'ambo kina watu wawili, mmoja wao anajua maneno manne. Kwa hiyo uzee naufanya mimi. Ukiniona mkali katika karatasi hizi, ni kwa sababu ni mkali.

Nianzie shuleni, maana kosa lilianzia huko.

Nilisoma mpaka darasa la kumi katika shule ya wasichana hapa hapa Tabora, na jambo nililoliweza kuliko wenzangu wote lilikuwa kupamba maneno. Wengine waliandika kwamba mvua imenyesha. Mimi niliandika kwamba mbingu zimekumbuka deni lao kwa ardhi. Wenzangu walikuwa wakiniomba niwaandikie barua za kwao, wakasifiwa na wazazi kwa maneno yangu, nami nikavimba kichwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliitwa Mwalimu Febronia, mama wa makamo, mpole, asiyependa kelele. Siku moja alitupa kazi: andika barua kwa jumbe wa kijiji umwarifu kwamba ng'ombe wako amepotea. Nilijaza kurasa mbili. Niliandika kwamba ng'ombe wangu ameondoka kama jua linavyozama, kwamba zizi linamlilia, kwamba kengele yake imebaki ndani ya masikio yangu. Nilitegemea asome mbele ya darasa. Badala yake aliniita baada ya kipindi, akaiweka barua mezani.

“Veronika, umepamba vizuri sana. Sasa niambie. Jumbe akisoma hii, amtafute ng'ombe wapi? Mbinguni?”

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha tashbihi na istiari. Alikubali. Akaniketisha, akanieleza kitu ambacho nilikisikia kwa sikio moja tu. Alisema ukitumia tashbihi, ukasema kitu hiki ni kama kile, msomaji anaona vitu viwili vimesimama pamoja, na anajua kimoja si kingine. Istiari inaondoa lile “kama”. Inasema hiki ndicho kile. Ina nguvu zaidi kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo inaweza kukugeuka. Halafu akasema kabla sijaandika neno la namna hiyo nijiulize karatasi itakuwa mikononi mwa nani siku ambayo mimi sipo.

Nilimwitikia ndiyo mwalimu, nikatoka, nikaenda kuwasimulia wenzangu kwamba Mwalimu Febronia anazeeka. Tulicheka. Leo nampa haki yake.

Na babu yangu naye alikwisha kuniambia, nikiwa mdogo zaidi. Alikuwa mpagazi enzi za misafara, alitembea kutoka huku kwetu Unyanyembe mpaka pwani na kurudi mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na miguu yake hadi anakufa ilikuwa migumu kama ngozi ya ngoma. Katika safari nyingine alipewa barua za Waarabu zilizobanwa kwenye ncha ya mti uliopasuliwa. Alisema akitumwa kwa mdomo alibeba na cheko la aliyemtuma, na alivyokunja uso, na alivyosita. Akipewa karatasi alibeba karatasi. Mara moja alifikisha barua kwa tajiri mmoja, tajiri akaisoma akakasirika, akamgeukia babu akamuuliza, huyu alipoandika alikuwa anatania? Babu akasema hajui, yeye alipewa imefungwa. Nilidhani ananisimulia habari za miguu.

Sasa barua yenyewe.

Ulikuwa na siku kumi na mbili. Baba yako alikuwa amekwisha kuondoka. Majirani walikuja siku mbili tatu za kwanza, wakaleta uji, wakarudi kwenye shughuli zao, na mimi nikabaki na wewe na mlio wa treni. Treni ya kutoka pwani ikipiga honi stesheni, hapa chumbani kikombe kinatetemeka juu ya meza. Kila kikombe kilipotetemeka niliwaza labda ameshuka. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ndipo nikachukua kalamu niwaandikie wakwe zangu, huko upande wa Nzega, niwape habari za mjukuu.

Kwetu, mwanangu, mkwe akipeleka habari ya mtoto hujishusha. Ukiwa mbele ya mama mkwe unapiga magoti, unasema mtoto ni wenu, mimi nimewabebea tu. Naye hakuachi chini. Anakushika mkono, anakuinua, anasema hapana, mtoto ni wako, sisi tumekuja kumsalimu. Hapo wote mnacheka, chakula kinaletwa. Kila mtu anajua sehemu yake. Maneno yale yana watu wawili ndani yake.

Mimi nikayaandika. Nikapiga magoti kwenye karatasi ambako hapakuwa na mkono wa kuniinua. Na kwa kuwa nilikuwa Veronika wa darasa la kumi, sikuridhika kusema kama watu wanavyosema, nikatafuta neno langu jipya. Nikawa chungu. Wewe ukawa maji. Wao wakawa na kiu. Nilipomaliza nililisoma mara tatu kwa sauti, peke yangu, nikalipenda. Ndipo, upande wa pili wa karatasi, chini, baada ya salamu za shangazi na mjomba, nikaandika lile nililokuwa nimekusudia tangu mwanzo: “Mvua zikiisha nitamleta mmwone. Tutakaa mwezi mmoja, kisha turudi.” Mistari miwili. Nikaifunga barua.

Mvua zilikwisha, ukaugua kifua, hatukwenda. Baba mkwe akafariki. Niliandika pole. Kimya.

Ndipo mwaka huu akaja Shija, kaka yake baba yako. Alishuka kwenye lori la pamba na debe la asali begani. Nilifurahi kuona mtu. Nilimpikia ugali na maharage, akala, akakupakata, akasema una paji la uso la marehemu baba yake. Tulizungumza habari za shamba na ng'ombe mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akasema:

“Basi shemeji, tumeona kiu.”

Niliinuka nikamchotea maji. Kweli. Nilimletea kata imejaa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliishika, akaitazama, akaiweka chini bila kunywa.

“Si ya kunywa, shemeji. Tumekuja kumchukua mtoto.”

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imechakaa, nikauona mwandiko wangu. Alinieleza kwamba mama yake amebaki peke yake tangu msiba, nyumba ni kubwa, na kwamba mimi mwenyewe nilisema. Sikulazimishwa na mtu. Shija si mjinga, mwanangu, wala si mtu mbaya. Alijua kabisa kwamba mwanamke hawi chungu. Lakini alikuta neno limeachwa wazi, akapita ndani yake.

Nilikataa. Nilikataa kwa maneno ambayo sitayaandika. Akaondoka, debe la asali akaliacha, na baada ya wiki mbili nikaitwa barazani.

Pale barazani umekwisha kujua. Nilipompokonya karani karatasi niliigeuza, nikausoma upande wa pili mimi mwenyewe, wewe ukilia mgongoni. Niliisoma ile mistari miwili. Karani akasema hizo ni salamu za mwisho wa barua, kila barua inazo, na kitabuni amekwisha kuandika. Nikamuuliza ameandika nini. Akasema: mama amemtoa mtoto kwa wakwe. Wazee wakasema mwandiko ni wangu, maneno ni yangu, na karanga zikivunwa Shija aje akuchukue. Karatasi ikarudishwa mezani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe mama, unamtoa mtoto huyu au humtoi?

Nikatoka nje. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitenge kimemfunika mabega ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekuja na Shija, lakini ndani hakusema neno. Nikamwamkia shikamoo kwa ukali, Mungu anisamehe. Akaitikia marahaba, akanionyesha niketi. Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote.

“Mwanangu, uliposema maji ni yetu, ulikuwa unasemaje?”

Nilimwambia: “Nilikuwa nasubiri uniambie mtoto ni wangu, mama.”

Akakivuta kitenge mabegani.

“Barua haikuniambia kwamba ni zamu yangu,” akasema.

Akanieleza kwamba yeye hajui kusoma. Katekista ndiye aliyemsomea, na tangu mumewe afariki amekuwa akimwomba kila Jumapili baada ya ibada amsomee tena, ile sehemu ya maji tu, maana inamfurahisha. Amekwisha kufagia pembe ya chumba utakakolala. Ameshona na kigodoro. Mimi nilidhani katika dunia hii niko peke yangu na upweke wangu, kumbe nilikuwa nimemtumia mwenzangu mpweke ahadi ambayo sikuikusudia, kwa sababu ilinoga masikioni mwangu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko karani. Karani alinidhihaki kwa neno langu. Mama huyu aliishi ndani yake.

Nilimwambia aje akae nasi. Akasema ataona. Wakapanda lori.

Nilirudi nyumbani nikaandika malalamiko ya kupeleka Boma, kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Karatasi ya kwanza nilianza kwamba nalia machozi ya damu. Nikasimama, nikamsikia Mwalimu Febronia: daktari gani amekutibu? Nikaifuta. Ya pili niliandika kwamba kumchukua mtoto ni kuung'oa moyo wangu. Nikamwona karani mwingine, kwenye meza nyingine, akitabasamu kabla ya kufungua mdomo. Nikaichana. Ya tatu ilikuwa fupi, na ilinitesa kuliko zote. Sikujua jinsi nilivyozoea kujificha nyuma ya maneno mazuri mpaka nilipolazimika kusimama bila hata moja. Na baba yako nilimwandikia siku hiyo hiyo. Zamani nilimwandikia kurasa nne za mito na nyota, naye akajibu kwa nadra, labda kwa sababu naye husomewa na mtu mbele ya watu. Safari hii niliandika: “Wanataka kumchukua Kabula. Andika useme akae nami. Au njoo.” Bado nasubiri.

Ijumaa nilikwenda Boma peke yangu, wewe mgongoni. Tarishi aliipokea karatasi, akaigonga muhuri, akaniambia nirudi nitakapoitwa. Leo ni Jumapili, jua la mchana, umelala juu ya kanga yangu, na karanga zimeanza kukomaa.

Basi shika haya. Ukisoma maneno yaliyopambwa, yawe ya kitabu au ya mtu anayekuomba uchumba, usiyabeze na wala usiyaamini hapo hapo. Angalia anayesema ni nani, yuko mbele ya nani, na anasubiri ajibiwe nini. Maneno mengi ya adabu na ya mapenzi ni nusu ya mazungumzo. Tafuta nusu ya pili kabla hujaamua maana. Ukikuta mtu amejishusha, muulize anataka ainuliwe au kweli anataka kukaa chini. Mtu akitia chuku, pima alichoona kweli kabla ya kuongeza. Mtu akikucheka kwa neno lako, jua kwamba amekuelewa vizuri sana, asiyeelewa huuliza.

Nawe ukiandika, pamba. Sitakukataza, maana utakuwa na mkono wangu na utanidharau kama nilivyomdharau mwalimu. Lakini lile unalolitaka hasa liandike juu kabisa, peke yake, kwa maneno ambayo hata mtu asiyekupenda hawezi kuyageuza. Usilifiche nyuma ya karatasi chini ya salamu za mjomba. Na usimtumie mtu mpweke neno tamu ambalo huna nia ya kulitimiza.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kutia sahihi. Akupe watu wa kukuinua kila unapopiga magoti. Akukuze mpaka usome haya hapa hapa, kwangu, ukinibishia.

Nakala ya niliyoipeleka ndiyo hii.

Kwa Bwana Shauri,
Boma, Tabora.

Bwana,

Mimi Veronika binti Masanja, mkazi wa Ng'ambo, naleta malalamiko juu ya uamuzi wa baraza kuhusu mtoto wangu Kabula.

Mtoto huyu sikumtoa kwa mtu yeyote. Kitabuni imeandikwa kwamba nimemtoa. Hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa ningesema hapana.

Barua yangu ilisomwa upande mmoja. Ina pande mbili. Upande wa pili niliandika kwamba nitampeleka mtoto aonwe na nitarudi naye. Naomba isomwe yote mbele yangu.

Niliomba kusema, sikuruhusiwa. Karani alinijibu kwa dhihaka, wazee wakacheka. Nilimpokonya karatasi. Hilo nilifanya, nalikiri.

Bibi wa mtoto ni mjane na anaishi peke yake. Sina neno baya juu yake. Nimemwalika aje akae nasi kwa muda anaotaka, na mwaliko huo nauthibitisha hapa.

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi mitano. Bado ananyonya. Mimi si chungu, ni mama yake. Yuko kwangu.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kila neno lina maana ile ile iliyoandikwa.

Veronika binti Masanja